Picha za Buluu: Kazi Inaanza Gizani



Wengi walituuliza juu ya zile picha za majani, nyeupe juu ya buluu, zenye kubandikwa ku mulango wa laboratwari. Wamoja walisema ni rangi ya kupaka, wengine walisema ni kazi ya mashini. Hapana. Ni karatasi tuliyoipaka dawa kwa mukono, tukaiweka ku jua, kisha tukaiosha na maji tu. Tunataka kueleza namna ya kuifanya, na tena kosa letu, maana kosa lile njo lilitufundisha zaidi.

Njia hii inaitwa sianotipi. John Herschel, mutu wa elimu ya nyota wa Uingereza, aliivumbua mwaka wa 1842. Mwaka uliofuata mama mumoja wa inchi ileile, Anna Atkins, alianza kutoa kitabu juu ya mimea ya bahari. Hakuichora: alilaza kila mumea juu ya karatasi yenye dawa, akaacha jua liandike. Kazi ile ilichukua miaka 10, na inahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza chenye picha zilizofanywa kwa mwangaza. Nyuma yake mainginia walitumia dawa hiyo muda murefu kwa kutoa kopi za plani za nyumba.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni sitrati ya chuma na amonia, ile ya kijani: gramu 25 ndani ya mililita 100 za maji. Ya pili ni ferisianiri ya potasiumu: gramu 10 ndani ya mililita 100. Kila moja inakaa ndani ya chupa yake nyeusi. Siku ya kazi tunachanganya sehemu sawasawa, kidogo tu; tunapima kwa siringi bila sindano. Mwangaza wa jua ukipiga dawa, unageuza chuma cha ndani yake, nacho kinashikana na ile dawa ya pili na kufanya buluu isiyoyeyuka ku maji. Pahali jani limefunika, dawa haigeuki. Maji yanaiondoa na karatasi inabaki nyeupe.

Karatasi iwe nene, sawa ile ya kuchora. Ya kaye inapasuka ndani ya maji. Isiwe na chokaa, kwa sababu chokaa inakula buluu. Karatasi yetu ilikuwa inanyonya dawa sana, basi tuliipaka kwanza uji mwepesi wa wanga wa muhogo na kuiacha ikauke. Hivi dawa inabaki juu, haizami.

Sasa kupaka. Taa ndogo ya petroli haina shida, lakini madirisha yafungwe. Tunabandika karatasi ku ubao, tunamwaga musitari mumoja wa dawa ku upande wa juu, halafu tunaivuta kwenda chini, nyuma yake kwa upande, mbio lakini pole. Kwa karatasi ya ukubwa wa kaye, mililita 2 zinatosha. Pasibaki vidimbwi. Ikianza kukauka, usirudilie, utaichubua.

Hapa njo tulianguka. Mara ya kwanza tulipaka karatasi 12 jioni, tukaziacha ndani ya depo. Asubuhi kila moja ilikuwa na madoa ya buluu, na jua lilikuwa bado kuiona. Palepale tulisema: wadogo wetu wamefungua mulango. Wawili walioonekana karibu na depo tuliwapa azabu ya kufagia uwanja siku tatu. Walikana, lakini sisi wakubwa hatukusikia.

Profesa wetu wa shimi aliangalia karatasi zile, akauliza neno moja: kama ni mwangaza, kwa nini buluu haikuenea karatasi nzima? Tukanyamaza. Kweli, madoa yalifuata njia ya burosi. Burosi yetu ilikuwa na kifungo cha chuma, rangi yake ilikwisha kutoka, na chuma kile kilipogusa dawa kilifanya kazi ya jua gizani. Tukajaribu: karatasi moja kwa burosi ile, ingine kwa kijiti chenye kufungwa pamba, depo ileile, usiku uleule. Asubuhi ya burosi ilikuwa na madoa, ya pamba ilikuwa safi.

Tulienda kwa wale wawili mbele ya wenzao, tukaomba musamaha. Kisha sisi wenyewe tulifagia uwanja siku tatu. Tulikuwa tumehukumu mbele ya kupima, na hiyo si elimu.

Karatasi ikiisha kukauka kabisa, tunaweka jani juu yake, kioo juu ya jani, na kuitoa ku jua la muchana, dakika 10 mupaka 20, mupaka sehemu isiyofunikwa iwe na rangi ya majivu. Nyuma yake tunaosha na maji safi mupaka manjano yote itoke. Buluu inaendelea kukolea wakati inakauka. Tusioshe na sabuni wala maji ya majivu: yanafuta buluu.

Tuangalie pia hatari. Dawa ya pili isichanganywe hata kidogo na asidi kali, wala isitiwe ku moto, kwa sababu inaweza kutoa hewa ya sumu yenye kuua. Tuvae glavu, na vyombo vya dawa visirudi ku jikoni. Tena dawa inachafua mashati, nayo haitoki.

Dawa iliyobaki inatosha karatasi chache. Siku ya posho, saa nane, tutapaka tena pamoja na wale wadogo wawili. Wao njo watakuwa wa kwanza kushika kijiti cha pamba. Mwenye kupenda aje na jani lake, lisiwe na maji.

Kwa jina la wanafunzi wa darasa la mwisho,
Kapita wa wanafunzi