Ukiona Kiwanja Kitupu Kando ya Mto, Uliza Kabla ya Kupanda Mchicha

Ukisimama kwenye daraja linalounganisha Lewiston na Auburn, jimbo la Maine, unauona mto Androscoggin ukiporomoka kwenye mawe, na ng'ambo ya mashariki majengo marefu ya matofali mekundu yamejipanga kando ya mifereji. Hivyo ni viwanda vya nguo, na ndivyo vilivyoujenga mji. Leo Lewiston ina watu kama 37,000. Ukipita mjini utasikia Kisomali, Kifaransa, Kilingala na Kiswahili cha kila namna: cha Uvira, cha Bujumbura, cha kambi ya Nyarugusu, na hiki changu cha Kigoma.

Nataka tuzungumze kuhusu ardhi iliyo pembeni ya viwanda kama hivyo, maana wengi wetu tumekuja na mkono wa jembe. Tukiona kiwanja kitupu, macho yanaona matuta.

Kiwanda cha Bates kilianza kufuma pamba miaka ya 1850. Mifereji ilichimbwa na vibarua wa Kiayalandi, kisha wakaja wafanyakazi wa Quebec wanaozungumza Kifaransa, familia nzima nzima, kwa treni ya Grand Trunk. (Wajukuu wao ndio waliotupokea sisi, wengine kwa moyo, wengine kwa kununa.) Katikati ya karne iliyopita Bates ilikuwa na wafanyakazi kama 5,000, ikiwa mwajiri mkubwa kuliko wote jimboni. Halafu kazi ikahamia majimbo ya kusini na nchi za nje. Mwaka 1992 halmashauri ya mji ikabaki na majengo yale kwa sababu ya kodi isiyolipwa. Kidogo kidogo yakageuzwa kuwa ofisi, migahawa na nyumba za kupanga.

Mto wenyewe ulikuwa umeoza. Viwanda vya karatasi vya juu vilimwaga kemikali, na kiangazi cha 1941 harufu yake iliwashinda watu mjini. Edmund Muskie, mzaliwa wa Rumford kwenye mto huohuo, alisoma chuo hapa Lewiston, akawa seneta, na ndiye aliyesukuma Sheria ya Maji Safi ya 1972. Maji yana bahati moja: yanatiririka. Udongo haujisafishi hivyo. Jivu la makaa ya mawe, mafuta ya mashine, rangi za zamani zenye madini ya risasi, vumbi la asbesto, vyote hubaki pale vilipoangukia.

Ardhi ya namna hii huitwa brownfield, na neno hilo mtalikuta kwenye matangazo ya miji mingi ya Marekani. Kwa miaka mingi hakuna aliyetaka kuinunua. Sheria ya 1980 ilifanya mwenye ardhi aweze kudaiwa gharama za kusafisha hata kama si yeye aliyechafua, basi benki na wanunuzi wakakimbia. Sheria ya 2002 ililegeza kamba hiyo kwa mnunuzi asiye na hatia, ikaongeza ruzuku kupitia EPA, shirika la serikali kuu linalosimamia mazingira.

Kazi huanza kwa makaratasi. Wataalamu husoma ramani za zamani kujua palikuwa na nini: karakana, tangi la mafuta, chumba cha kutia nguo rangi. Wakipata shaka, hutoboa ardhi na kupeleka udongo na maji maabara. Kisha huandikwa mpango wa kusafisha.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi waziwazi. Ardhi husafishwa kwa kadiri ya matumizi yake. Ya kuegesha magari haisafishwi kama ya nyumba. Mara nyingi udongo mchafu hauondolewi. Hufunikwa kwa kitambaa kizito na udongo safi, au kwa lami, halafu huandikwa kwenye hati kwamba pasichimbwe. Si ujanja, ni njia halali, na kwa bustani ya kutembelea inatosha. Lakini nyasi zikiota juu yake, nani atajua kuwa jembe halitakiwi?

Jirani yangu, mama wa Uvira, alinivuta kwenye mkutano mmoja wa namna hii nimtafsirie. Picha zilionyesha miti, njia ya baiskeli, maegesho. Akanigonga kiwiko: "Mwanangu, waulize, sisi tutalima wapi?" Mtaalamu akajibu bila kuzunguka: hapa hapana, kwa mpango huu. Kama mnataka bustani, semeni sasa, kabla mpango haujapitishwa, kwa sababu bustani inahitaji usafi wa kiwango kingine. Ukumbini tuliokuwa tunazungumza Kiswahili tulikuwa wawili.

Kwa hiyo nendeni. Anayeomba ruzuku ya EPA ya kusafisha ardhi lazima aitishe mkutano wa wananchi. Ombeni mkalimani mapema, na ombeni ripoti ya vipimo.

Nyumbani, hofu kubwa ni madini ya risasi. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, na nyumba nyingi za katikati ya Lewiston ni za zamani zaidi, hivyo rangi iliyobanduka imo kwenye udongo wa ua. Mtoto mdogo hutia vidole mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na kwa macho hutaona dalili. Sheria ya Maine inataka kila mtoto apimwe damu akiwa na mwaka 1 na tena miaka 2; asiporudishwa kipimo cha pili, kumbusheni kliniki.

Kuhusu mboga, maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Maine, kule Orono, hupima risasi kwa ada. Wakati mnasubiri majibu, pandeni kwenye sanduku la mbao lenye udongo wa kununua, na kitambaa chini yake. Msitumie mataruma ya reli, yamelowa dawa yenye sumu. Lengalenga lioshwe vizuri, viatu vya bustani vibaki mlangoni.

Jirani yangu ana masanduku matatu nyuma ya nyumba sasa. Kwenye mkutano ujao anakwenda na wanawake wanne wa kanisani kwake, na mimi nimeshaambiwa saa ya kufika.