Bonde Lililo Juu ya Mashamba ya Nithi

Mkulima wa Nithi atumiaye maji ya mto yampasa ajue yatokako. Mto Nithi huteremka upande wa mashariki wa Mlima Kenya, katika bonde lenye kina kirefu liitwalo Gorges Valley. Bonde hilo lilichongwa zamani na barafu iliyoshuka polepole ikikwangua mwamba. Ndani yake limo ziwa Michaelson, na juu ya ziwa umesimama ukuta wa jabali uitwao The Temple, yapata futi 1,000.

Apendaye kulizuru hupandia njia ya Chogoria. Na asiende mbio, kwa maana zaidi ya futi 12,000 hewa ni haba. Aumwaye kichwa na kutapika hana budi kushuka upesi.

Lakini jambo kubwa ni moto. Nyasi na udongo wa huko hunyonya mvua, kisha huyatoa maji kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Machi 2012 moto uliunguza eneo kubwa la mlima huo. Basi mgeni aachaye kaa bila kulizima huwadhulumu watu wa bondeni asiowajua.