Ukienda Raskazone, Pointi Zako Zibaki Kazini

Vuli ikishapungua na kaskazi ikaanza kushika, wana-Tanga walioko Marekani, Kanada na Uingereza hukata tiketi za kwenda nyumbani. Baadhi yao huacha nyuma kitu walichokilipia mwaka mzima bila kukilalia hata usiku mmoja: pointi za taimushea. Walizinunua Orlando, Las Vegas au Tenerife, wengi baada ya kualikwa kusikiliza maelezo kidogo tu kwa zawadi ya tiketi za bure, wakatoka na mkataba wa miongo. Sasa ada ya mwaka inakatwa benki, watoto wanataka kwenda kwa bibi huko Raskazone, mtaa wa Tanga, na pointi zinaisha muda wake bila mtu kuzigusa.

Makala haya yanaeleza namna ya kuzikodisha kwa utaratibu unaokubalika. Jambo la kushika ni moja: kwetu sisi kalenda ni mtaji. Wiki tunazoondoka ndizo wiki ambazo wenyeji wa huku wanagombania vyumba. Anayelijua hilo Januari anaweza kupata nauli ya Desemba. Anayelikumbuka Novemba huambulia makombo.

Ulichonunua hasa

Taimushea ni haki ya kulala kwenye hoteli au nyumba ya mapumziko kwa zamu, pamoja na wamiliki wengine wengi. Zamani mtu alinunua wiki moja ya chumba kimoja, na kila mwaka zamu yake ilikuwa hiyo hiyo. Watu walipochoka kurudi palepale, ikaanzishwa RCI mjini Indianapolis mwaka 1974, kampuni ya kubadilishana wiki. Mfumo wa pointi nao si wa jana. Hapimag ya Uswisi, iliyoanza 1963, huwagawia wanachama wake pointi, na Disney Vacation Club ilipoanza 1991 ikazidi kuueneza Marekani.

Kwa mfumo huu hununui tarehe. Kila mwaka unawekewa pointi kwenye akaunti, na kila usiku una bei yake: Jumanne ya Septemba hula pointi chache, usiku wa mkesha wa Krismasi hula nyingi. Zisipotumika ndani ya muda wake zinakufa. Ni kama samaki wa soko la Deep Sea pale Tanga: alfajiri muuzaji ndiye anayetaja bei, jua likipanda anataja mnunuzi.

Kuna njia mbili za kujipa nafasi. Kwa Disney, una miezi minane ya mwanzo ya mwaka wako wa matumizi kuhamishia pointi mwaka unaofuata. Ukipitisha siku hiyo mlango umefungwa, na pointi zilizokwisha kuhamishwa hazihamishwi mara ya pili. Unaweza pia kuvuta pointi za mwaka ujao ukazitumia sasa. Mitandao mingine ina tarehe zake na baadhi hutoza kwa kila uhamisho, kwa hiyo tarehe za jirani yako zisiwe mwongozo wako.

Ruhusa kwanza, tangazo baadaye

Mkataba wako ndio wenye neno la mwisho. Kampuni nyingi humruhusu mwanachama kukodisha mara mojamoja, lakini humkataza kugeuza uanachama kuwa duka. Akaunti inayobuku vyumba kwa majina ya wageni mfululizo huchunguzwa, na inaweza kufungiwa. Aliye na pointi za familia moja, akikodisha mwaka ambao familia inakwenda Tanga, kwa kawaida hana la kuhofia.

Wengi hujikwaa kwenye kubadilishana. Ukipeleka wiki au pointi zako RCI au kwa kampuni nyingine ya kubadilishana, Interval International, ukapewa nafasi katika hoteli ya mtandao mwingine, nafasi hiyo hairuhusiwi kukodishwa. Unaweza kumpa ndugu au rafiki kwa cheti cha mgeni, iwe zawadi. Ukimtoza pesa umevunja masharti, na nafasi ikifutwa wakati mgeni amesimama mapokezi na mabegi yake, wa kujibu ni wewe. Cha kukodisha ni chumba ulichobuku kwa pointi zako, ndani ya mtandao wako mwenyewe.

Kalenda yetu na kalenda yao

Mtu wa Raskazone aishiye ughaibuni husafiri Desemba kwa sababu shule zimefungwa kote, huku na kule, na ndugu wa Dar es Salaam, Arusha na Mombasa nao wanarudi. Desemba hiyo hiyo, kuanzia wiki ya Krismasi hadi mwaka mpya, ndiyo wiki ngumu kuliko zote kupata chumba Orlando. Juni na Julai ni vivyo hivyo.

Kwa wanaokwenda nyumbani kula Idi, hesabu inageuka kila mwaka, kwa kuwa mwaka wa mwandamo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Idi el Fitri ya 2026 na ya 2027 zote zimo ndani ya Machi, mwezi ambao shule nyingi za Marekani hutoa likizo fupi na familia hukimbilia Florida. Ukienda kusali Idi Tanga, kuna mzazi wa Ohio anayetafuta chumba chako.

Lakini lazima uwahi. Mwanachama wa Disney huruhusiwa kubuku hoteli yake ya asili miezi 11 kabla, na hoteli nyingine za mtandao huo miezi saba kabla. Vyumba vya Krismasi vinavyopendwa huisha kwenye hizo siku za mwanzo. Maana yake ni kwamba kazi ya Desemba hufanywa Januari, wakati wengi wetu ndio kwanza tunafungua mabegi yenye mchanga wa Tanga.

Njia mbili za kukodisha

Njia ya kwanza ni kukodisha pointi zenyewe. Unamtafuta mgeni, anakuambia hoteli na tarehe, wewe unabuku kwa jina lake na anakulipa kwa kila pointi. Njia ya pili ni kubuku kwanza tarehe zinazogombaniwa, kisha kutangaza chumba kilicho tayari. Ya kwanza ni salama zaidi, kwa sababu pointi haziondoki mpaka mtu apatikane. Ya pili ina bei nzuri zaidi, na hatari yake ni kubaki na chumba kisicho na mgeni.

Ama utamtafuta mgeni mwenyewe, ama utapitia kwa dalali. Dalali hukupunguzia bei, lakini huleta mgeni, mkataba na njia ya kupokea malipo. Madalali wengi hulipa kwa awamu: sehemu kubwa nafasi inapothibitishwa, iliyobaki mgeni anapokuwa ameingia. Kwa anayekodisha mara ya kwanza, huku akijua atakuwa Tanga mgeni wake atakapokuwa anagonga mlango wa hoteli Florida, udalali huo una thamani yake. Saa za Tanga ziko mbele ya za Orlando kwa saa nane wakati wa Desemba, na tatizo la mapokezi huko saa tatu usiku litakuamsha alfajiri.

Hesabu

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mama mwenye pointi 150 analipa ada ya dola 9 kwa pointi: dola 1,350 kwa mwaka. Dalali anampa dola 18 kwa pointi: dola 2,700. Baada ya ada, mkononi zinabaki dola 1,350. Asingekodisha, angekuwa na hasara ya 1,350. Tofauti kati ya kukaa kimya na kushughulika ni dola 2,700.

Hapo bado hatujataja kodi. Mapato haya ya kukodisha ni ya kutangazwa, Marekani kwa mamlaka ya kodi, IRS, na ada uliyolipa inaweza kuhesabiwa kama gharama kwa utaratibu uliowekwa. Mwenye mkopo wa kununulia pointi naye aweke riba kwenye hesabu. Mikopo ya taimushea huwa ya riba kubwa, na pango la mwaka mmoja halifuti deni la miaka kumi. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika tarehe, jina, kiasi na ada, hata kama ni mgeni mmoja kwa mwaka.

Mkataba, hata kwa ndugu

Katika jumuiya zetu mgeni wa kwanza mara nyingi hupatikana kwenye kundi la WhatsApp. Ni binamu wa shemeji, au mtu mliyesoma naye shule ya Usagara. Hapo ndipo maandishi yanaposahauliwa kwa kuoneana haya. Karatasi moja inatosha, ikitaja:

- hoteli, aina ya chumba, tarehe, na majina ya watakaolala;
- kiasi chote, tarehe za kulipa, na njia ya malipo;
- nini kitatokea mgeni akighairi, na nini kitatokea hoteli ikifunga;
- nani analipa kikivunjika kitu, au chumba kikivutiwa sigara.

Sharti la kughairi liandikwe kwa makini, kwa sababu mgeni akijitoa dakika za mwisho pointi hazirudi zilivyokuwa. Kwa Disney, ukifuta nafasi ndani ya siku 30 kabla ya kuingia, pointi hufungiwa pembeni, na baada ya hapo zinaweza kutumika kwa safari za karibu tu, ndani ya siku 60. Kwa mtu aliyeko Tanga hizo ni sawa na kupotea. Kwa hiyo malipo yote yawe yameingia mapema, na ikibidi umrudishie mgeni, mrudishie kwa mujibu wa karatasi, huruma ije baadaye.

Wanaowapigia simu wamiliki

Siku moja utapigiwa na mtu mwenye sauti tamu: ana mpangaji tayari, au mnunuzi wa kampuni kubwa, na kinachotakiwa ni ada ya usajili au kodi ya uhamisho ulipe kwanza. Kata simu. Mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, imekuwa ikiwaonya wamiliki juu ya malipo ya namna hii. Kwa takwimu za FBI, kati ya 2019 na 2023 watu wapatao 6,000 nchini Marekani waliripoti kupoteza karibu dola milioni 300 katika utapeli wa taimushea za Mexico, na nyuma ya utapeli huo serikali ya Marekani imewataja wauza dawa za kulevya wa genge la Jalisco. Dalali wa kweli hukata chake kwenye pesa iliyoingia.

Utapeli wa pili ni wa mgeni. Anakutumia hundi yenye pesa zaidi ya mlizopatana, anaomba umrudishie chenji. Unarudisha, baada ya siku chache benki inagundua hundi ni bandia, na deni linabaki kwako.

Pesa ikifika Raskazone

Pointi za Orlando hazikulipii chumba Raskazone. Zikigeuzwa pesa, zinakulipia: usiku kadhaa kwenye hoteli za ufukweni ikiwa nyumba ya familia imejaa, au tiketi ya mtoto mmoja zaidi, au bati la banda la uani.

Wapo pia waliojenga huko, nyumba ikakaa na mlinzi peke yake miezi kumi na moja. Hesabu ni ileile ya ada inayokwenda bila mtu kulala. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, unaponunua umeme, tangu 2021, kodi ya ardhi inadaiwa kila mwaka, na chumvi ya bahari hula nondo na vitasa. Wapangaji wapo, hasa kwa kuwa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, upande wa pili wa ghuba. Ukipangisha, andika mkataba, mpe ndugu unayemwamini hati ya uwakilishi, na ujue kwamba kuna kodi ya zuio ya pango, ambayo kwa mwenye nyumba mkaazi ni asilimia 10. Tofauti na pointi, nyumba inayosubiri bado ipo mwaka ujao, na hati ya ardhi ya Tanzania inaweza kuwa ya hadi miaka 99.

Kununua ili ukodishe?

Kuna vijana wanaouliza kama hii ni biashara ya kuingia. Turudi kwenye mfano wetu. Kama pointi 150 zilinunuliwa kwa dola 30,000 taslimu, faida ya dola 1,350 kwa mwaka ingehitaji zaidi ya miaka 22 kurudisha mtaji, kabla ya kodi na kabla ada haijapanda. Mikataba ya baadhi ya hoteli za Disney, kama BoardWalk, inaisha 2042, na ukitaka kuuza njiani, mnunuzi wa mkono wa pili hukupa bei ya chini. Aliyeweka saini juzi na sasa anajuta asikodishe, afute: Florida humpa mnunuzi siku 10, na sheria za Umoja wa Ulaya na Uingereza siku 14.

Kukodisha kunamfaa aliyekwisha kununua na hawezi kwenda. Kama ni wewe, fungua akaunti wiki hii uandike tarehe tatu: siku ya mwisho ya kuhamisha pointi, siku zinapokufa, na siku dirisha la kubuku Desemba linapofunguliwa. Kisha ndipo utafute tiketi ya Dar es Salaam.