Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama: Jinsi Chemchemi na Vijito Karibu na Migodi Vinavyochunguzwa

Familia nyingi za vijijini katika Kaunti ya Kakamega huteka maji kwenye chemchemi. Katika maeneo yenye dhahabu, kama vile Ikolomani na Shinyalu, wachimbaji wadogo wadogo huchimba mashimo, husaga mawe na kuosha mchanga katika miteremko iyo hiyo yanakotoka maji. Maji yanaweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha ngeni, na bado yakawa na sumu. Kwa sababu hiyo, usalama wake hauwezi kuamuliwa kwa macho. Ni lazima yapimwe.

Hatari hutoka wapi?

Dhahabu ilivutia wachimbaji Kakamega tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mgodi mkubwa wa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, ulifungwa mwaka wa 1952, lakini wachimbaji wadogo wanaendelea na kazi hadi leo.

Mawe yenye dhahabu mara nyingi huwa na aseniki na salfa. Yakisagwa na kuachwa nje, mvua huyapitia na kubeba kemikali hizo hadi mtoni. Zebaki, inayotumiwa kunasa chembe za dhahabu, ni tishio jingine. Ikiingia mtoni hutuama kwenye matope, ambamo vijidudu huigeuza kuwa aina yenye sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki. Zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na watoto walio tumboni ndio walio hatarini zaidi.

Vipimo hufanywaje?

Kazi huanza kwa kuchagua vituo vya kudumu. Kwenye kijito, kituo kimoja huwa juu ya machimbo na kingine chini yake. Maji yakiwa safi juu na machafu chini, chanzo cha uchafu hutafutwa kati ya vituo hivyo viwili. Chemchemi hulinganishwa na nyingine iliyo mbali na machimbo. Pale ambapo mgodi haujaanza, vipimo huchukuliwa mapema ili pawe na kumbukumbu ya hali ya awali.

Baadhi ya vipimo hufanyiwa papo hapo: kiwango cha tindikali, joto, ukungu wa maji, na uwezo wake wa kupitisha umeme, ambao huonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Wingi wa maji ya chemchemi hupimwa kwa ndoo na saa. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa lita 30 kwa dakika. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu kupiga pampu kwenye mashimo kunaweza kupunguza maji ya chemchemi zilizo jirani.

Metali kama zebaki na aseniki hupimwa katika maabara. Mchukuaji sampuli husimama akiutazama upande maji yanakotoka ili asitibue matope, kisha hujaza chupa safi, huiandika mahali, tarehe na saa, na kuisafirisha ikiwa baridi. Matope ya mtoni pia huchukuliwa, kwani zebaki inaweza kuwa humo hata kama maji yenyewe hayaionyeshi.

Kipimo kimoja hakitoshi. Sampuli huchukuliwa wakati wa kiangazi na pia wakati wa mvua, hasa mvua za kwanza, ambazo husomba mabaki ya mawe yaliyosagwa.

Matokeo yanasomwaje?

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka wa 2006 ziliweka viwango vya vyanzo vya maji ya nyumbani. Kiwango cha tindikali, yaani pH, kilipaswa kuwa kati ya 6.5 na 8.5, chembe zinazoelea hazikupaswa kuzidi miligramu 30 kwa lita, na aseniki haikupaswa kuzidi miligramu 0.01 kwa lita. Kanuni hizo pia zilikataza kilimo na ujenzi kando ya mto, katika eneo la kati ya mita 6 na mita 30 kila upande.

Mkazi afanye nini?

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi aseniki. Dawa ya klorini vilevile haiiondoi. Chanzo kikithibitishwa kuwa na metali kupita kiwango, suluhisho ni kuteka maji kwingine hadi tatizo litatuliwe.

Anayeteka maji kila siku ndiye huona mabadiliko kwanza. Rangi ya kutu, samaki waliokufa, matope yasiyo ya kawaida wakati wa kiangazi au chemchemi inayopungua ghafla ni mambo ya kuripotiwa kwa afisa wa afya ya umma, msimamizi wa wadi, chifu au Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Taarifa itaje jina la chemchemi au kijito, siku, saa na kilichoonekana, ili wapimaji wajue waanzie wapi.