Jinzi yako na bakteria wa Ziwa Bogoria

Ile jinzi uliyovaa, iliyopaushwa makusudi, huenda ina undugu na maziwa ya magadi ya Kenya.

Chukua Bogoria. Maji yake ni magadi makali, kando yake chemchemi zinatokota. Samaki hawaishi humo, ila bakteria wamejaa tele. Wanategemea vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini, na vyao vinastahimili magadi.

Sasa fikiria maji ya sabuni ya unga, nayo yana magadi. Kimeng'enya cha kawaida kinaishiwa nguvu, hiki kinapiga kazi tu: kinakata vinyuzi vilivyochomoza kwenye pamba, nguo inabaki laini. Kiwandani, vimeng'enya vya aina hii hupausha jinzi bila kuisugua kwa mawe. Vingine hupunguza klorini inayotumika kung'arisha karatasi, kemikali inayochafua mito.

Faida je, inaenda kwa nani? Watafiti wa kigeni walichukua sampuli miaka ya 1990. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) lilidai mgao kutoka Genencor ya Marekani, likisema hakukuwa na kibali. Kampuni ilikanusha kukosea. Mwaka 2007 KWS ikasaini mkataba wa ushirikiano na Novozymes ya Denmark.

Ugumu uko hapa: bakteria si samaki wa kuvuliwa kila siku. Kichupa kimoja cha tope kikishavuka mpaka, maabara inaweza kuwazalisha miaka yote bila kurudi tena ziwani.