PUNJE ZILIZOFICHIKA NDANI YA MOYO

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba moyo ni pampu: vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, vyapokea damu na kuisukuma. Maneno hayo ni ya kweli, lakini si kweli yote. Ndani ya nyama ya vyumba vya juu mna kitu ambacho jicho la binadamu halikukiona mpaka katikati ya karne ya 20, nacho chaonyesha kwamba moyo ni tezi pia, kama lilivyo kongosho litoalo insulini.

Mwaka 1956 mtaalamu Bruno Kisch, huko Marekani, aliitazama nyama ya moyo wa mnyama mdogo wa maabara kwa hadubini ya elektroni. Katika seli za vyumba vya juu aliona punje za mviringo, nyeusi, ambazo kazi yake haikujulikana. Mwaka 1964 Jamieson na Palade, wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, walizieleza kwa urefu. Kila punje ina utando wake. Upana wake haufiki nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Nyingi zimekusanyika karibu na kiini cha seli. Zilifanana mno na punje za tezi, ambamo homoni huwekwa akiba zikingoja kutolewa. Sasa, nyama iliyoumbwa kwa kukaza na kulegea ina haja gani na ghala la namna hiyo?

Msomaji mpenzi, hapa ndipo penye ajabu. Mwaka ule ule wa 1956, wataalamu wengine, Henry na Pearce, waliingiza kipira katika chumba cha juu cha kushoto cha moyo wa mbwa, wakakijaza mpaka chumba kikatanuka. Mkojo wa mbwa ukaongezeka. Wao waliiona sababu katika mishipa ya fahamu: habari ya kutanuka hupanda hadi ubongoni kwa njia ya mshipa uitwao vagasi, na ubongo hupunguza homoni izuiayo mkojo. Njia hiyo ipo, wala hawakukosea. Lakini punje za Kisch na kipira cha Henry vilikaa mbalimbali kwa miaka 25, kama nusu mbili za kitendawili kimoja katika nyumba mbili zisizotembeleana.

Aliyeziunganisha ni Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Kingston, nchini Kanada. Yeye na wenzake walisaga nyama ya vyumba vya juu vya mioyo ya panya, wakachuja maji yake, wakawadunga panya wengine. Chumvi iliyotoka katika mkojo wa panya hao ilizidi mara 30, na mkojo wenyewe uliongezeka kiasi cha mara 10. Maji ya vyumba vya chini hayakufanya hivyo. Habari hii ilichapishwa mwaka 1981, na baada ya muda mfupi homoni yenyewe ikajulikana: ni mnyororo wa asidi-amino 28. Damu ikizidi, vyumba vya juu hutanuka; vikitanuka, punje hufunguka; homoni huenda kwenye figo na kuziambia zitoe chumvi na maji, tena huilegeza mishipa ya damu. Katika damu haidumu ila dakika chache.

Na mishipa ya fahamu je? Ile isiyongoja amri ya mtu ina makundi mawili: moja huuhimiza moyo, kama tunaposhtuka au kukimbia, la pili, ambamo mna vagasi, hulituliza pigo lake. Kundi la kuhimiza huweza kuongeza utokaji wa homoni hii, na homoni nayo hulipunguzia kundi hilo nguvu. Ni mazungumzo ya pande mbili. Ila moyo haungoji ruhusa. Ushahidi ni moyo wa kupandikizwa, tiba iliyofanywa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1967 mjini Cape Town. Moyo huo hukatwa mishipa yake ya fahamu. Hupiga kwa haraka kupita kawaida, kwa kuwa vagasi haipo kuuzuia, lakini homoni waendelea kuitoa.

Mwaka 1988 wataalamu wa Japani walipata homoni ndugu yake katika ubongo wa nguruwe, wakaipa jina la ubongo. Baadaye ilibainika kwamba kwa wingi hutoka katika vyumba vya chini vya moyo. Jina likabaki vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo iliyoingia majumbani mwetu. Mzazi akivimba miguu, akikosa pumzi alalapo chali, huenda moyo wake umechoka, au pengine ni pafu au figo. Zamani tabibu alikisia kwa kusikiliza kifua. Leo, penye maabara yenye uwezo, huipima homoni hiyo katika damu: ikiwa ndogo, kushindwa kwa moyo hakutazamiwi sana, ikiwa nyingi, moyo hutazamwa kwa makini. Mgonjwa wa namna hii moyo wake hupaza sauti mno, ila figo huwa nzito kusikia, kwa sababu nguvu nyingine za mwili zazidi kuvuta chumvi. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha dawa ambayo sehemu yake moja huzuia kimeng'enya kisiziharibu homoni hizi upesi, ili sauti ile ya moyo idumu kidogo zaidi kabla ya kunyamazishwa.