Rhino Charge

Rhino Charge ni mashindano ya magari ya nje ya barabara yanayofanyika nchini Kenya kila mwaka, kwa kawaida karibu na sikukuu ya Madaraka, tarehe 1 Juni. Jina hilo la Kiingereza linamaanisha faru anapomvamia adui kwa kasi. Mashindano yalianza mwaka 1989 kwa lengo la kuchangisha fedha za kujenga uzio wa umeme kuzunguka misitu ya milima ya Aberdare. Tofauti na mbio nyingi za magari, mshindi si yule anayewahi kufika. Mshindi ni yule anayepita vituo vyote kwa kutumia umbali mfupi kuliko wenzake.

Mapato ya mashindano huenda kwa Rhino Ark, taasisi ya hifadhi iliyoanzishwa Kenya mwaka 1988. Kwa sababu hiyo Rhino Charge ni mchezo, mkutano wa kila mwaka wa wapenzi wa magari, na pia harambee.

Historia

Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na faru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400, kwa sababu ya ujangili wa pembe. Baadhi ya waliosalia walikuwa katika Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, kwenye milima ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Huko kulikuwa na tatizo la pili. Mashamba yalikuwa yamefika hadi ukingoni mwa msitu, na tembo na nyati walitoka usiku kula mahindi na viazi vya wakulima. Majangili na wakata miti nao waliingia msituni bila kizuizi.

Ken Kuhle, mwanzilishi wa Rhino Ark, alitaka ujengwe uzio ambao ungewazuia wanyama kutoka na majangili kuingia. Mpango wa kwanza ulikuwa mdogo: kuzungushia kilomita 38 tu upande wa mashariki wa hifadhi, mahali ambapo wanyama na wakulima walikuwa karibu zaidi. Hata hivyo fedha hazikuwapo. Kuhle pamoja na Rob Combes na Brian Haworth, waliopenda kuendesha magari porini, waliamua kuugeuza mchezo wao kuwa njia ya kupata mchango. Shindano la kwanza lilifanyika mwaka 1989, likiwa na magari yapatayo 30.

Wakati huo Kenya ilikuwa tayari na jina katika mchezo wa magari. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu walijipanga kando ya barabara kutazama magari yakipita kwa mwendo mkali. Waanzilishi wa Rhino Charge walichagua njia nyingine. Hawakuweka barabara wala njia maalumu, na hawakutoa tuzo kwa mwendo wa kasi.

Kanuni za mashindano

Eneo la mashindano huwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 100 za ardhi ngumu, yaani vilima, makorongo, mawe na vichaka vya miiba. Ndani yake huwekwa vituo 13 vya ulinzi. Mahali penyewe huwa siri hadi siku za mashindano zinapokaribia, ili timu zisipate nafasi ya kwenda kuchunguza njia mapema.

Jioni ya kabla ya mashindano kila timu hupewa ramani ya kipimo cha 1:50,000, majira ya nukta ya vituo vyote na jina la kituo chake cha kuanzia. Timu hukaa usiku ikipanga utaratibu wa kuvipitia. Saa 1:30 asubuhi magari huanza, kila moja kwenye kituo lilichopangiwa, na hutakiwa kurudi kwenye kituo hichohicho kabla ya saa 11:30 jioni. Muda wote ni saa 10.

Timu iliyofika vituo vyote huwekwa mbele ya ile iliyokosa hata kimoja. Miongoni mwa timu zilizofika vyote, iliyotumia umbali mdogo ndiyo mshindi. Umbali hupimwa kwa kifaa cha GPS kilichofungwa ndani ya gari.

Mfano utasaidia kuelewa ugumu wa uamuzi. Tuseme vituo viwili vimetenganishwa na korongo. Kwa njia ya moja kwa moja ni kilomita 3, lakini gari lazima lishuke ukuta wa mawe na kupanda upande wa pili. Kwa kuzunguka korongo ni kilomita 9 za ardhi rahisi. Anayezunguka hufika salama baada ya nusu saa, ila ameongeza kilomita 6 ambazo hawezi kuzifuta tena. Anayekata moja kwa moja huokoa kilomita hizo, lakini akinasa kwa saa tatu anaweza kukosa vituo vya mwisho. Kila timu hupima hatari ya namna hii mara nyingi kwa siku moja. Ndiyo maana gari lenye injini kubwa linaweza kushindwa na gari la kawaida lenye watu wanaosoma ramani vizuri.

Vituo vichache huwekwa karibukaribu katika sehemu ngumu kupita zote. Sehemu hiyo huwa na watazamaji wengi, kwa kuwa wanaweza kuona magari yakipanda majabali bila wao kutembea mbali.

Timu na magari

Magari yote yanayoshiriki ni yale yanayovutwa na magurudumu yote manne. Mengine ni Land Rover na Land Cruiser za kawaida zilizoimarishwa springi na kukingwa tumboni kwa mabamba ya chuma. Mengine yameundwa upya na mafundi kwa ajili ya mashindano haya tu. Katika miaka ya karibuni idadi ya magari imekuwa na kikomo cha 65.

Timu huweza kuwa na watu hadi sita. Dereva anajulikana zaidi, lakini mara nyingi kazi kubwa hufanywa na wanaotembea kwa miguu. Hao hukimbia mbele ya gari wakitafuta upenyo kati ya mawe na miti, na humwonyesha dereva kwa ishara ya mkono mahali pa kuweka kila gurudumu. Mwingine husoma ramani. Mwingine hushughulikia winchi, kifaa chenye waya imara kinachofungwa kwenye mti au jabali ili gari lijivute lenyewe. Jeki, sepetu, kamba ya kuvutia, spea na maji ya kutosha ni vitu visivyokosekana. Gari likipinduka au ekseli ikivunjika, wenzake ndio wanaoanza kulinyanyua na kulitengeneza papo hapo.

Kila timu hutakiwa kuleta kiasi cha chini cha mchango ili ipate nafasi ya kushiriki. Timu hutafuta fedha hizo kwa miezi mingi kutoka kwa makampuni, marafiki na watu wa familia. Timu iliyochangisha fedha nyingi kuliko zote hupewa heshima kubwa hata kama gari lake halikufanya vizuri. Ipo pia tuzo ya timu ya wanawake.

Maisha ya kambini

Mashindano yenyewe ni ya siku moja, lakini mkusanyiko huchukua siku kadhaa. Mara nyingi hufanyika katika maeneo kame, kama vile Kajiado na Samburu, ambako hakuna hoteli wala maji ya bomba. Familia na vikundi vya marafiki hufika na mahema, maturubai, kuni na mapipa ya maji. Mji wa muda huota mahali ambapo wiki moja kabla palikuwa na mbuzi na ngamia tu.

Siku moja kabla ya kuanza, magari hukaguliwa ili kuhakikisha usalama wake. Hapo watu hukutana, hukagua kazi za mafundi wengine na kuazimana vifaa. Vituo 13 husimamiwa na watu wanaojitolea, ambao wengi hurudi kila mwaka. Hukesha kwenye kituo chao, huandika saa ya kila gari linapofika na kuzipa timu maji. Wapo pia madaktari, watu wa mawasiliano ya redio na vikosi vya kuokoa magari yaliyokwama. Baada ya saa 11:30 jioni wote hurudi kambini, ambapo matokeo na jumla ya fedha zilizopatikana hutangazwa.

Ardhi ya mashindano huwa ni ya jamii ya wafugaji au ya mtu binafsi. Hivyo waandaaji hawawezi kuingia bila mazungumzo na wenye ardhi. Jamii mwenyeji hupata sehemu ya mapato, na vijana wa hapo hupata kazi za muda.

Uzio wa Aberdare

Kadiri fedha zilivyoongezeka, mpango wa kilomita 38 ulipanuliwa hadi kuzunguka safu yote ya Aberdare. Uzio ulikamilika mwaka 2009, miaka 20 baada ya shindano la kwanza, ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa Rhino Ark, Shirika la Wanyamapori la Kenya, Huduma ya Misitu ya Kenya na wananchi wanaoishi kandokando ya msitu.

Faida yake haikuishia kwa faru. Aberdare ni chanzo cha maji. Mito yake inalisha mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, ambayo hutoa sehemu kubwa ya maji ya jiji la Nairobi. Wakulima walio karibu na uzio waliweza kulala usiku badala ya kulinda mashamba kwa mienge na madebe. Uzio una mageti, na watu huruhusiwa kuingia kwa utaratibu kukusanya kuni au kulisha mifugo katika sehemu zilizotengwa. Walinzi wanaotembea kandokando yake kila siku kufyeka nyasi na kurekebisha nyaya huajiriwa kutoka vijiji vya jirani.

Baada ya Aberdare, Rhino Ark iligeukia misitu mingine. Uzio wa Mlima Eburu, wenye urefu wa kilomita 43 hivi, ulikamilika mwaka 2014, na kazi ya kuzungushia Mlima Kenya ilianza mwaka 2012.

Hoja zinazobishaniwa

Swali la kwanza ni kama inafaa kuharibu ardhi moja ili kulinda nyingine. Gari la tani mbili linalokata kichaka huvunja miti midogo na kuacha alama za magurudumu, na katika ardhi kame alama hizo zinaweza kuwa mifereji ya maji ya mvua. Wanaotetea mashindano husema hufanyika siku moja kwa mwaka, idadi ya magari ina kikomo na mahali hubadilishwa ili ardhi ipumzike. Wanaopinga husema majani hupona haraka, lakini udongo uliokwisha kuchukuliwa na maji haurudi.

Swali la pili linahusu uzio. Tembo huhama kutafuta malisho, na uzio usiopangwa vizuri hukata njia zao. Upande wa kaskazini wa Mlima Kenya jambo hili lilitatuliwa kwa kuacha ushoroba na kuchimba njia chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru, ambayo tembo walianza kuipita mwaka 2011. Aidha, uzio unahitaji matunzo siku zote. Nyaya zikikatika au umeme ukikosekana, tembo hugundua mapema.

Tofauti na kuendesha gari hifadhini

Rhino Charge haifanyiki ndani ya hifadhi za taifa, na kanuni zake si kibali cha kuacha njia mahali pengine. Katika Hifadhi ya Ngorongoro nchini Tanzania, magari yanayoshuka kreta lazima yawe ya magurudumu manne, lakini yanatakiwa kubaki kwenye njia zilizowekwa hata kama simba amelala mita 50 pembeni. Kreta hiyo nayo ina faru weusi. Katika miaka ya 1960 walikuwa zaidi ya 100, kisha ujangili ukawapunguza hadi wachache sana. Huko hakuna uzio, hivyo ulinzi wao unategemea askari wa hifadhi.

Nje ya hifadhi, gari la aina hii ni chombo cha kazi kabla ya kuwa la michezo. Katika kata kama Baray, wilayani Karatu, kwenye bonde la Ziwa Eyasi, kwa miaka mingi njia zimekuwa za udongo na mchanga, na msimu wa mvua huhitaji gari la namna hiyo ili kufika. Ujuzi ni uleule wa washindani wa Kenya: kushuka na kukagua korongo kwa miguu kabla ya kuingia, kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga, na kutosafiri bila kamba na sepetu.

Mikusanyiko ya wapenzi wa magari haya ipo Tanzania pia. Oktoba 2024 wamiliki wa Land Rover kutoka sehemu mbalimbali walikutana Arusha katika tamasha lililokuwa na msafara wa mamia ya magari. Lakini tamasha hilo lilikuwa la maonyesho na utalii, ilhali katika Rhino Charge kila gari huingia likiwa limechangia uzio.